Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Bodi ya Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa chini ya Mlima Meru. Mwaka huu klabu imeshughulika na familia moja tu ya jedwali la elementi, nayo ni halojeni: florini, klorini, bromini, iodini na ndugu zao. Tumeichagua kwa sababu tunaila, tunainywa, na wengi wetu tunayo menoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Halojeni zina elektroni 7 katika ganda la nje na hutafuta 1 ili zitulie. Ndiyo maana zinafanana tabia. Mwaka 1869 mwanakemia Mrusi Mendeleev alipopanga elementi kwa uzito, iodini ilistahili kutangulia elementi iitwayo teluri kwa kuwa ni nyepesi zaidi. Yeye akaiweka baada yake, ikaangukia kwa klorini na bromini, maana aliitambua kwa tabia. Jambo hilo lilitufungua macho kuliko kukariri elementi 20 za kwanza.

Tulileta chumvi kutoka nyumbani, tukadondoshea maji ya limau, iodidi ya potasiamu na uji mwepesi wa wanga. Chumvi ya pakiti yenye madini joto, yaani iodini, iligeuka bluu-nyeusi papo hapo. Chumvi ya mawe iliyonunuliwa kwa kopo ilibaki nyeupe, ishara kwamba haina madini joto, na aliyeileta akaenda kumweleza mama yake jioni ileile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Florini ndiyo inayong'ang'ania elektroni kuliko ndugu zake wote. Maji yetu huipata kwenye miamba ya volkano, ikiwa floridi, yaani florini iliyokwisha kupata elektroni yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yapo maji kuzunguka Meru yanayozidi hapo mara kadhaa. Matokeo yake ni meno ya kahawia, na wapo wenzetu wanaocheka wameziba mdomo kwa kiganja. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki.

Floridi hunata kwenye madini ya kalsiamu na fosfeti yanayojenga jino. Mifupa ya ng'ombe imejengwa kwa madini hayohayo. Kwa hiyo tumechuja maji kwa mkaa wa mifupa iliyochomwa na kupondwa chengachenga, ndani ya ndoo mbili, ili floridi inase humo kabla ya kufika kinywani. Imepungua kiasi gani? Hatuwezi kusema, kwa kuwa hatuna kipimo.

Tunakuomba utusaidie kupata kipimo cha floridi na chujio kubwa la tangi. Meno yetu yalishaharibika yakiwa bado yanaota, na chujio halitayarudisha. Tunawaombea watoto wa shule ya msingi jirani, walio chini ya miaka 8, wanaochota bomba hilihili kila asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha.