Kwa wabunge mnaoiruka Seneti

Waheshimiwa, wanangu,

Juzi nilimsikia mmoja wenu kwenye televisheni akicheka kwamba Seneti, nyumba ya Bunge inayotetea kaunti, ni mahali pa wazee kwenda kupumzika. Mimi ni mzee, na sikucheka.

Tarehe 29 Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha sheria 23 ambazo Bunge la Taifa lilizipitisha peke yake, Seneti haina habari. Ndani yake mlikuwamo hata ile ya makosa ya kompyuta na ile ya walinzi wa pwani ya bahari. Rufaa ikakatwa, na 2021 nyingi zikaokolewa. Msishangilie mapema.

Iliyoniudhi mpaka leo ni ya dawa. Katiba, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti zahanati na hospitali zake. Bunge likaja na marekebisho ya sheria za afya ya 2019: kaunti zote zinunue dawa KEMSA, shirika la serikali kuu la kusambaza dawa, na afisa atakayekwenda kwingine ameshakuwa mhalifu! Basi niambieni, ghala la KEMSA likikosa dawa ya presha, muuguzi wa kijijini amwambie nini mama aliyetembea tangu alfajiri? Amsomee sheria? Swali hilo ndilo ambalo seneta wa kaunti angeliuliza mapema, kama angeitwa. Hata Mahakama ya Rufani, iliyowasamehe kwingineko, hapo ilikataa.

Someni Kifungu cha 110: maspika wawili wakubaliane kwanza kama mswada unahusu kaunti. Nyumba mbili zikishindwana juu ya mswada wa kawaida wa kaunti, kamati ya upatanisho ipo. Kwa miswada maalum ya kaunti mmepewa pia kura ya theluthi mbili ya kubadili au kukataa kilichopitishwa na Seneti; itafuteni hadharani, msipite uchochoroni. Na acheni kukibandika kila mnachokitaka jina la mswada wa fedha ili kisipite Seneti.

Nanyi maseneta msinyooshe shingo. Mnamo 1966 Seneti ya viti 41 iliridhia ivunjwe, na maseneta wakahamia Bunge moja. Tulikaa hadi 2013 bila Seneti, na sisi wananchi hatukupiga kelele. Tulimezwa na siasa za mtu wetu na chama chetu, na hadi sasa tunampima mbunge kwa basari na mazishi aliyohudhuria, si kwa sheria aliyoipitisha.

Mswada ujao unaogusa zahanati, barabara za kaunti au mgao wa fedha za kaunti, upelekeni Seneti kabla ya kupiga kura. Kisha mtujibu kwenye baraza, si kwenye televisheni: maspika walikubaliana nini, na nani alikataa?

Mzee wenu, Kilifi