Mkaguzi wa hospitali, fungua pakiti

Ndugu Mhariri,

Hospitali binafsi ikitaka kuanza kazi hapa Tanzania hupita milango mingi. Usajili uko chini ya Sheria ya Hospitali Binafsi, Sura ya 151. Eksirei iko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, famasi ina Baraza lake, maabara ina bodi yake. Utakasaji wa vifaa vya upasuaji, yaani kuua vijidudu vyote, umeachiwa mkaguzi wa jumla, naye ni rahisi kuridhika akiuona mtambo wa mvuke umesimama kwenye kona yake.

Kuwepo kwa mtambo si hoja. Vifaa vilivyofungwa kwa kitambaa huhitaji nyuzi joto 121 kwa dakika 30, na dakika hizo huhesabiwa baada ya kipimo kufika 121, si tangu swichi ilipowashwa. Zamu yenye haraka hukosea hapo. Kosa jingine ni kushindilia: pakiti zikibanana, au vitundu vya ngoma (kopo la chuma la kutakasia vifaa) vikisahaulika vimefungwa, hewa hunaswa ndani na mvuke haupenyi. Utepe wa nje utabadilika rangi vilevile, maana kazi yake ni kuonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Habari za mkasi ulio katikati utepe huo hauna.

Basi mkaguzi atoe pakiti moja kabatini, aifungue, atafute ndani karatasi ya kiashiria, ile inayobadilika rangi mvuke ukiifikia. Kitambaa kikiwa na unyevunyevu, pakiti hiyo haifai tena, hata kiashiria kiseme nini. (Wenye hospitali watanung'unika kuwa imeharibiwa, lakini kuirudisha mtamboni si gharama ya kuliliwa.) Kisha aombe daftari: tarehe, namba ya mzunguko, joto, dakika, sahihi. Mwezi mzima ukiwa na wino mmoja na mwandiko mmoja, huku zamu ni tatu, daftari hilo limejazwa jana usiku.

Vituo vya afya ya msingi vilipoanza kupimwa ubora kwa nyota mwaka 2015, karibu thuluthi havikupata hata moja. Mgonjwa anastahili kuyaona matokeo ya namna hiyo mlangoni, kando ya leseni.

Tunaiomba Wizara ya Afya iongeze ziara moja kwa mwaka isiyotangazwa, tena baada ya saa nne usiku, wakati pakiti za upasuaji wa dharura zimebaki mbili au tatu kabatini.

Wauguzi wa chumba cha upasuaji,
Morogoro