Malalamiko Rasmi: Mlitangaza Nyumba Inayopokea Mbwa, Mkamlaza Mbwa Wetu Garini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kurudisha fedha. Nimeshajibiwa mara tatu kwa ujumbe uleule wa "tumepokea maoni yako". Haya si maoni.

Masharti yenu mnayajua, sitayarudia. Tangazo la nyumba ile nalo mnalijua: mbwa wanakaribishwa, ua una uzio pande zote, inafaa kwa familia inayotaka kuweka kambi sehemu moja na kutembelea eneo zima kutokea hapo. Kwa mambo hayo matatu nililipia usiku sita, nikalipa na ada ya mbwa mliyoidai juu yake.

Ijumaa tulifika saa mbili usiku, baada ya saa saba barabarani. Mbwa wetu, Popi, ana miaka 11 na nyonga zake zimekaza, hashuki garini bila kubebwa. Nilimbeba nikamweka kizingitini. Msimamizi wenu alisimama katikati ya mlango akasema mbwa haingii. Nikamwonyesha uthibitisho wa malipo, nikamwonyesha ada ya mbwa, nikatoa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakukitazama hata kimoja. Akampigia afisa wenu simu, akaweka sauti ya nje, na sote tukasikia, mama yangu na mwanangu wa miaka minane wakiwemo: "Alale kwenye gari. Ni mbwa tu."

Naomba muelewe tulivyoipata nyumba hiyo. Nilitafuta wiki sita. Nyumba za bei tunayoimudu nyingi hazitaki mbwa kabisa. Zinazowataka, ama bei ni mara mbili, ama zinapokea mbwa wadogo tu wa kubebwa mkononi, ama ukisoma hadi chini unakuta mbwa atafungwa kwenye banda la nje. Yenu ndiyo pekee iliyosema wazi kwamba ataingia. Na sikuliamini tangazo peke yake, nilipiga simu. Nilitaja uzito wake, kilo 28. Nikauliza ataingia ndani? Nikajibiwa ndiyo, ila asipande vitandani wala kwenye makochi. Nikasema anakuja na mkeka wake. Siku tatu kabla ya safari nikapiga tena, nikapewa jibu lilelile. Mkirekodi simu zenu, zisikilizeni.

Usiku ule sikukubali alale peke yake. Nililala naye garini, vioo nusu, mbu wakituingilia. Alfajiri alishindwa kusimama. Miguu ya nyuma ilikuwa imekakamaa kabisa, nikambeba hadi kwenye majani ndipo akakojoa. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya maumivu na kumwandikia dawa ya siku tano. Risiti nimeiambatisha.

Halafu Jumamosi asubuhi afisa yuleyule akanishauri twende matembezi yetu na mbwa tumwache garini, "vioo viwe wazi kidogo". Kampuni inayopokea ada ya mbwa haina ruhusa ya kutojua jambo hili. Gari likisimama juani siku ya nyuzi 22 tu, hali ambayo mtu huiita ya kupendeza, ndani linaweza kufika nyuzi 47 kwa saa moja. Kuacha upenyo wa kioo hakusaidii kitu cha maana. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na akihema hewa ya moto hapoi. Mbwa hufa hivyo, na mzee kama Popi ndiye wa mwanzo kuzidiwa. Ushauri ule ulitoka kwenye ofisi yenu. Ningekuwa mgeni wa kufuga, ningeufuata.

Mpango wetu ulikuwa rahisi, na ulitegemea mlango ule. Mama hawezi kutembea sana, kwa hiyo siku za safari ndefu angebaki nyumbani na Popi, sisi tuende na kurudi. Siku za karibu tungekwenda wote. Nyumba ya kutokea matembezini ni lazima iwe mahali mbwa anaweza kubaki salama, kivulini, na mtu wake, maana huko matembezini sehemu nyingi hazimruhusu. Asipoingia ndani, hakuna kambi. Na uani pia asingeweza kukaa: uzio wa upande wa barabara umelala chini, umefungwa kamba mahali pawili. Picha nne ninazo. Tulihama Jumapili, tukalala penginepo kwa bei karibu maradufu, na safari mbili kati ya nne tulizopanga hazikufanyika.

Narudi mlangoni, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Popi alipowekwa kizingitini alitikisa mkia. Alidhani tumefika nyumbani. Alijilaza juu ya zulia la mlangoni, kichwa kati ya miguu, kama afanyavyo akichoka. Msimamizi wenu alimsukuma kwa kiatu, ubavuni, huku bado ana simu sikioni, kabla hajaweka sauti ya nje. Popi hakung'ata, hakubweka. Alijaribu kuinuka, nyonga zikakataa, akaanguka tena, na mwanangu akaanza kulia. Ndipo ile sauti ikatoka kwenye simu: "Ni mbwa tu." Baada ya hapo nikasikia kicheko, na mlango ukafungwa nusu. Mvua ilikuwa imeanza. Nilisimama na kilo 28 mikononi nikiomba niruhusiwe angalau kumweka barazani, nikakataliwa hata barazani.

Mwanangu bado ananiuliza kama Popi aliumia kwa kosa letu.

Nilipopiga simu Jumatatu, nilitaka jambo moja: ada ya mbwa irudishwe. Mngeirudisha siku ile, mambo yangeishia hapo. Badala yake nilipewa namba ya malalamiko na wiki mbili bila jibu la maana. Kwa hiyo sasa nataka malipo yote ya usiku sita, ikiwemo ile miwili tuliyokaa, kwa sababu mmoja niliulala garini. Nataka amana yangu, ambayo bado mnaishikilia bila kueleza nimeharibu nini. Nataka gharama ya daktari wa mifugo na tofauti ya bei ya mahali tulipohamia. Nataka barua ya kuomba radhi, yenye jina la mtu na sahihi, iliyoandikwa kwa mama yangu na mwanangu. Na tangazo lile liondolewe maneno "mbwa wanakaribishwa" leo, kabla familia nyingine haijafika pale usiku na mbwa wake.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Wakati naandika nimetazama tena, tangazo bado lipo vilevile, na picha ya mbwa amelala sebuleni. Nawapa siku saba. Siku ya nane nitaiomba benki yangu irudishe malipo ya kadi kwa huduma isiyotolewa, nitapeleka malalamiko kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na kumbukumbu za simu zote mbili, na picha za uzio nitaziweka hadharani chini ya kila tangazo lenu linalotaja mbwa. Mkiendelea kushikilia amana, nitakwenda mahakamani na daktari aliyemtibu Popi atatoa maelezo yake.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
(Jina, sahihi na namba ya malipo vipo kwenye fomu iliyoambatishwa)