Maneno marefu yaje na maana zake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa Jumamosi iliyopita ulipanga maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi q na z, ukawataka wasomaji wayakariri. Mjukuu wangu kayashika yote. Nilipomuuliza "quartzite" ni nini, akanijibu, "Babu, hiyo hawakuandika."

Mimi ni fundi wa mabango hapa Busia. Tunalipwa kwa herufi, kwa hiyo neno refu kwangu ni posho na maharage. Hata hivyo silikariri, nalikata. Chukua bango la daktari lenye "otorhinolaryngologist", herufi 21. Ukilitazama zima, brashi inatetemeka. Likate: "oto" ni sikio, "rhino" ni pua, "laryngo" ni koo, na mkia wake ni mtaalamu wa mambo hayo. Kigiriki kitupu. Mtoto aliyewahi kupelekwa hifadhi ya wanyama iitwayo Ziwa, kule Nakasongola, kuwaona vifaru, kipande cha pua anacho tayari, maana "rhinoceros" ni pua na pembe. Au "ophthalmologist": mafundi wengi huiangusha ile h ya kwanza, na nimeona bango la namna hiyo likining'inia mlangoni kwa daktari wa macho, mwenyewe hajaona.

Msiniambie kazi hiyo ni ngumu kwa watoto. Anayesema "hatutawasubiri" anaunganisha vipande vitano bila kufundishwa na mtu.

Kileleni mwa orodha mliweka lile la herufi 45, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ingawa halina q wala z (nililipitia mara mbili kwa kidole). Hilo halikuzaliwa hospitalini. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, mkuu wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, makusudi liwe refu kuliko mengine. Likatwe nalo: mapafu, vumbi dogo mno lisiloonekana kwa macho, silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe), volkano, ugonjwa wa vumbi. Ugonjwa wenyewe upo kweli, na madaktari huuita kwa herufi tisa tu, "silicosis". Huwapata wachimbaji na wapasua mawe wanaovuta vumbi la silika miaka nenda miaka rudi.

Sasa rudini kwa "quartzite" ya mjukuu wangu. Ni jiwe gumu lililokuwa mchanga, likageuzwa na joto na mgandamizo ardhini, na sehemu yake kubwa ni silika hiyo hiyo. Yaani kwenye orodha yenu kulikuwa na jiwe, na kulikuwa na pafu lililomeza vumbi lake, vyote vimepangwa safu moja na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni ndugu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana vijana wanaopasua kokoto bila hata kitambaa puani ninawaona.

Kama nafasi gazetini ni finyu, punguzeni maneno yawe matano, kila moja na vipande vyake. Mkitaka la kuanzia, chukueni "uncopyrightable": herufi 15, hakuna inayojirudia, seti moja ya vibati vilivyotobolewa herufi, vya kupulizia rangi, inalimaliza. Maana yake ni kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Mteja wa kulichora bado sijampata.

Fundi wa Mabango,
Busia, Uganda