Harambee ya mikono safi katika wodi ya wazazi

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe!

Mliobaki uwanjani baada ya ibada Jumapili iliyopita mliliona lile sanduku lenye taa ya zambarau. Mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya aliliazima ili atuonyeshe jambo. Unapakwa dawa ambayo macho hayaioni, unasugua mikono kama ulivyozoea, kisha unaiingiza sandukuni. Palipofikiwa na dawa panang'aa, paliporukwa panabaki peusi. Wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya, hata muuguzi aliyefuatana naye: karibu wote tulikuta weusi kwenye vidole gumba na ncha za vidole. Ncha hizo ndizo zinazoshika kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Tangu siku ile sina amani.

Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona madaktari wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Vifo vya akina mama katika wodi ile vikashuka kutoka takriban 18 kwa kila 100 mwezi Aprili hadi kama 2 mwezi Juni.

Wakunga wetu si wazembe. Usiku mmoja wao anahangaika na vitanda vyote, sinki liko mwisho wa korido, na kunawa vizuri kwa maji na sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono kikiwa kando ya kitanda, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, ila mikono ikiwa na damu au uchafu unaoonekana ni lazima maji na sabuni.

Kwa hiyo tunaanza na dawa yenyewe. Mfamasia ataichanganya kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, 145 za gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa kujazia. Inatulia saa 72 ndipo itumike. Msiidharau hiyo gliserini: inazuia ngozi kukauka, na muuguzi aliyechanika mikono ataikwepa dawa inayomchoma.

Kisha tutafunga vifaa 12 vya kutolea dawa, vyenye kihesabio ndani. Kila kinapobonyezwa, saa inaandikwa. Mkaguzi akisimama na karatasi yake kila mtu hunawa. Kihesabio kinahesabu hata saa tisa usiku. Hakitaji jina la mtu, kinaonyesha wodi na zamu tu, nasi tumeridhia hivyo, maana hatutaki kumwaibisha yeyote. Kama dawa ilitumika kwa wakati wake, kabla ya kumgusa mama na baada ya kumgusa, hilo muuguzi kiongozi ataendelea kuliangalia kwa macho yake.

Tunahitaji Sh 6,400,000. Tukipata nusu, tutanunua dawa na kuacha vihesabio, kwa sababu hakuna faida ya kuhesabu chupa tupu.

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya Mei, karibu na Mei 5, Siku ya Usafi wa Mikono Duniani, baada ya ibada ya pili. Bahasha ziko kwa wazee wa mitaa. Mwenye mkungu wa ndizi, kuku au mayai, alete mnadani. Stakabadhi zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hesabu ya mwezi wa kwanza kutoka wodini tutawasomea hapa kanisani.