Bunduki ya .22: msianze na mtutu

Mhariri,

Wapo wasomaji wenu huku Marekani wanaonunua Ruger 10/22, bunduki ndogo ya risasi nyembamba za .22, leo na kesho yake wanaagiza mtutu mpya. Tunaomba nafasi tuwaambie watulie kwanza. Bunduki hiyo iko sokoni tangu 1964, na karibu kila kipande chake kina mbadala unaotengenezwa na kampuni nyingine. Wingi huo ndio unaowapoteza watu.

Fedha za kwanza ziende kwenye risasi. Mtutu mmoja huipenda aina fulani, mwenzake uliotoka kiwanda kilekile ukaikataa. Chukua aina tano au sita, zikiwamo za mwendo wa kawaida, yaani futi kama 1,070 kwa sekunde. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, upige makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, yadi 50. Ukibadili aina, piga kumi bila kuzihesabu, kwa sababu nta ya zile za mwanzo bado imeganda ndani ya mtutu. Usihukumu kwa kundi moja zuri, yaani matundu yaliyosogeleana. Hilo ni bahati tu.

Kisha tazama darubini. Nyingi za bunduki kubwa zimepangwa ili alama ya kulengea isihame jicho likisogea kwa yadi 100, za .22 kwa yadi 50. Bunduki ikiwa imetulia, sogeza jicho kidogo kushoto na kulia. Alama ya msalaba ikitembea juu ya shabaha, utalaumu mtutu bure.

Kifyatulio cha kiwandani huvutwa kwa nguvu ya pauni kama sita, na hapo ndipo mikono mingi hutikisika. Ruger yenyewe inauza BX-Trigger, isiyozidi pauni tatu, na inaingia kwa kutoa pini mbili tu. Ni afadhali hiyo mara mia kuliko kusugua vyuma vya ndani kwa tupa: ukipunguza kingo inayoshika nyundo, bunduki inaweza kujifyatua ikigongwa.

Mtutu sasa. Mnene wa inchi 0.920 hauingii kwenye kitako cha kawaida, kwa hiyo anayeagiza mtutu huo peke yake amenunua nusu ya kitu. Uliza pia chumba cha risasi kimechongwaje. Kile cha muundo uitwao Bentz kimebana kiasi, na bado kinakuruhusu kuitoa risasi ambayo haijapigwa. Cha mashindano kimebana zaidi. Risasi iitwayo CCI Stinger ina ganda refu kuliko la kawaida. Isiingizwe kwenye chumba cha aina yoyote kati ya hizo mbili.

Kabla ya kuifungua bunduki, toa magazini, vuta bolti, utazame chumba kwa macho na uguse kwa kidole. Kitufe cha usalama kisukumwe katikati kabisa, la sivyo kitakwama kwenye ubao wa kitako na kuumega. Mtutu umeshikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili za alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Zikaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ukimaliza moja kwanza, mtutu unakaa upande. Skrubu ya kitako ni moja tu, na nguvu ya kuikaza hubadili makundi. Jaribu inchi-pauni (kipimo cha nguvu ya kukaza) 15, kisha 18, kisha 20, ukae pale panapokupa kundi dogo. Wengi wanaolalamikia mtutu tatizo lao liko hapa. Fremu za alumini zenye matundu mengi, zinazowekwa badala ya kitako, zinapendeza kwa picha, lakini tungeziweka mwisho kabisa.

Sheria nayo ina mipaka yake. Mtutu wenye urefu wa chini ya inchi 16 ni kosa la serikali kuu bila kibali maalumu. Mwili wa bunduki, yaani kipande kinachobeba bolti, ndio unaohesabiwa kuwa bunduki, hivyo ukiagizwa kwa kampuni hupitia kwa muuzaji mwenye leseni hata ukiwa mtupu. California hairuhusu kununua magazini ya zaidi ya risasi kumi; ile ya kiwandani ni ya kumi hasa.

Miili mingi ya kiwandani haina tundu nyuma, kwa hiyo ufito wa kusafishia huingizwa kwa mbele na kukwangua mdomo wa mtutu. Tumia kamba ya kuvuta kuanzia kwenye chumba, na usugue chumba chenyewe mara kwa mara: masizi yakijaa, risasi haikai vizuri, pini inagonga kidogo na haiwaki.

Wapenda shabaha,
Columbus, Ohio