Muulizeni dereva alikuwa katika gia gani

Ndugu Mhariri,

Sijawahi kuliandikia gazeti lako, ingawa nimelisoma tangu nilipokuwa nikiendesha lori kati ya Moshi na Tanga. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu habari yenu ya juma lililopita juu ya lori lililoacha njia mteremkoni ilimalizikia kwenye maneno yaleyale tuliyoyazoea, kwamba chanzo cha ajali ni kufeli kwa breki. Mwandishi wenu hakuuliza dereva alikuwa katika gia gani, wala kazi hiyo alijifunzia wapi.

Mwezi uliopita nilipanda Kosta kutoka Arusha kurudi Moshi, nikakaa siti ya mbele pembeni ya dereva. Tulipoipita Boma Ng'ombe na kuanza kuteremkia Daraja la Kikavu, kijana yule alitoa gia, akaliacha gari liserereke nyutro, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya breki muda wote. Nyuma yetu abiria saba walikuwa wamesimama, na mama mmoja alikuwa amempakata mtoto aliyelala. Kabla hatujafika darajani harufu ya breki zinazoungua ilikuwa imekwisha kuingia ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, ingiza gia." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Usiwe na wasiwasi mzee wangu, hapa tunabana mafuta." Nilipomuuliza amesomea wapi, alisema alikuwa konda kwa miaka minne, dereva wake akawa anamshikisha usukani stendi jioni, na siku hiyo yeye alikuwa deiwaka tu, yaani kibarua wa siku anayemshikia dereva mwenyewe usukani. Hakuwa mlevi wala hakuwa na kiburi. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Mimi nilifundishwa mwaka 1978, na somo la kwanza la mlima lilikuwa kwamba gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Gari likiwa katika gia ndogo, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe hulishika, na breki hubaki baridi zikisubiri kazi yake. Ukiweka nyutro, uzito wote unaziangukia breki. Zinapata moto, zinapoteza nguvu ya kushika, na unapofika kwenye kona unakanyaga pedali isiyoleta kitu. Hata hayo mafuta hayabanwi, kwa kuwa injini inayosukumwa na magurudumu mteremkoni hukatiwa mafuta, ilhali ile iliyo nyutro huendelea kuyanywa. Haya ni mambo ya asubuhi moja darasani na siku chache barabarani, lakini kwa kuyakosa tunazika watu! Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zina takriban asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Sisi wa huku hatuhitaji kusomewa takwimu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule lilitumbukia korongoni kule Karatu, tukapoteza watoto 32, walimu wawili na dereva. Mimi nilisimama kando ya barabara siku hiyo ya maombolezo Arusha, na bado sijaisahau.

Najua nitaambiwa kwamba kuna tochi za trafiki na kuna mfumo wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, unaofuatilia mabasi ya masafa marefu. Naviunga mkono vyote viwili, lakini vifaa hivyo hupima mwendo. Kijana wa Kikavu hakuvuka kilomita 80 kwa saa, na hakuna tochi ambayo ingemkamata.

Tena wenye magari wasijifiche. Wanaodai hesabu yao, yaani fedha ya siku, kila jioni bila kumpa dereva mkataba ndio wanaomlazimisha apige safari mpaka achoke, kisha amwachie usukani deiwaka ili apumzike. Mwenye gari huijua hesabu yake mpaka shilingi ya mwisho, lakini ukimuuliza ni nani anayeliendesha gari lake leo, hajui.

Mafunzo ya udereva wa abiria yapo, yanatolewa NIT, chuo cha taifa cha usafirishaji, na pia yanatolewa VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Ninachoomba ni kwamba mtu yeyote asipewe leseni ya daraja C, ile ya magari ya abiria, mkoani Kilimanjaro mpaka ashuke Kikavu mara tatu akiwa na mwalimu, basi likiwa limejazwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria kamili, safari moja kati ya hizo iwe ya usiku. Darajani asimamishwe, na mwalimu aguse magurudumu kwa kiganja. Yakiwa ya moto, arudi darasani. Deiwaka naye apimwe vivyo hivyo, na mwenye gari awajibike kwa kumkabidhi usukani mtu asiye na cheti hicho.

Mwalimu akikosekana, mimi niko Kiboriloni na nitakaa kiti cha pembeni bila malipo, siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Dereva mstaafu,
Kiboriloni, Moshi